Ndoo ya Robine na Bokali la Mandazi

Jumanne, tarehe 14 mwezi wa kumi, mwaka 2025, uji wa soya wa Katungu ulishika ngozi kabla hata kikombe kimoja hakijauzwa. Alikuwa ameketi mbele ya lango la parseli, kiwanja chao, mtaa wa Rughenda, mjini Butembo, mahali ambapo siku nyingine watu hupanga mstari kabla ukungu haujaondoka juu ya uwanja wa ndege. Kulia kwake palikuwa na sufuria juu ya mbabula yenye makaa. Kushoto, juu ya kigoda, lilisimama bokali: chupa pana ya kioo yenye kifuniko cha bati, iliyojaa mandazi. Bokali hilo lilijulikana kuliko jina la mwenyewe. Aliyetaka kumwelekeza mgeni alimwambia apite kwa mama wa bokali, kisha ashuke.

Asubuhi hiyo watu walipita, lakini walipita upande wa pili wa barabara. Wengine walisalimu kwa mkono bila kusimama. Katungu aliendelea kufuta kioo cha bokali kwa kitambaa, ingawa hakikuwa na vumbi.

Hatimaye alisimama mtu mmoja, Mama Kasonia, jirani waliyetenganishwa naye na ua wa matete tu. Alisimama mbali kidogo, kama anayeogopa mbwa.

"Wavukire, Mama Nadège."

"Wavukire. Leo hukunywe uji?"

"Tumbo iko inaniuma."

"Tumbo yako, ao tumbo ya avenue yote?"

Mama Kasonia alicheka kidogo, kisha akaacha. "Ule binti yako alitokaka Beni siku gani?"

"Inafika juma mbili."

"Na hatujamuona ata ku misa."

"Weye ungemuonea wapi ku misa? Weye ni Muprotestanti."

"Miye sikuseme kitu, mama. Njo batu banasema." Akatazama bokali, akatazama lango, akashika njia. Hakuuliza hata bei, kama mtu anavyouliza kwa adabu tu.

Katungu alijua watu walikuwa wanasema nini. Jana yake jioni, Nadège, binti wa pekee aliyebaki nyumbani kwao, aliyekuwa amerudi kutoka kujifunza Beni, alitoka katika chumba cha nyuma akiwa amevaa glavu na barakoa. Mikononi alibeba ndoo nyeupe yenye robine, bomba dogo la kufungulia maji, moja ya zile ndoo za kunawia mikono zilizogawiwa kila nyumba wakati wa Ebola. Ilikuwa inavuja. Alimwaga kilichokuwamo chini ya ua wa matete, na harufu kali ikapanda mpaka kwa majirani. Mtu aliyetoka Beni, glavu, barakoa, ndoo ile, dawa inayochoma pua, na redio wiki zile inataja ugonjwa huko Kasai. Hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi. Ilisemekana kwamba nyumbani kwa Katungu kuna mgonjwa aliyefichwa.

Katungu mwenyewe hakuamini kwamba kuna mgonjwa. Lakini kile chumba kilikuwa na pazia, na nyuma ya pazia kulikuwa na jambo ambalo hakuambiwa.

* * *

Mchana Syauswa, mume wake, alirudi kutoka gereji ya pikipiki anakofanya kazi. Hakukaa kula. Alivuta pazia na kuingia, na Katungu akamfuata.

Chumbani Nadège alikuwa amekaa mbele ya mashine isiyozidi ukubwa wa mzinga wa nyuki. Ndani yake kitu kama sindano kilikwenda huku na huko, kikimwaga uzi wa plastiki iliyoyeyuka, uzi juu ya uzi. Chini ya dirisha, juu ya gazeti, ilikaa chupa isiyo na karatasi ya jina.

Syauswa aliinua chupa hiyo, akanusa, akaiweka chini. "Ni asetoni. Kule gereji tunasafishiaka nayo rangi. Juu ya nini iko ku nyumba yangu?"

"Ni ya kazi, papa."

"Kazi gani? Minajua kazi yenye inafanyiwaka mu chumba ya kufunga. Kuko batu ku Beni banaoshaka makaratasi na dawa, inageuka dola. Njo ile ulienda kujifunza?"

Nadège alitazama mama yake akitarajia msaada. Katungu hakumsaidia. Yeye alikuwa na shaka nyingine: alijua asetoni kuwa dawa ya kuondolea rangi ya kucha, na tangu harufu ilipoanza alikuwa akijiuliza binti yake anapambia nani kucha.

"Onyesha mikono," Katungu akasema.

Nadège akavua glavu. Kucha zilikuwa fupi, hazina rangi, zimekauka kama za mfua nguo. Wote watatu wakazitazama, na mama ndiye aliyeona haya kwanza.

Basi Nadège akatoa chini ya kitanda sanamu moja ya Bikira Maria, yenye urefu wa kiganja. Aliitengeneza kwa mashine ile. Masista wa parokia walikuwa wamemwahidi kwamba wakiridhika na ya kwanza, watachukua nyingine kwa watoto wote wa komunyo, na ya kwanza ilitakiwa kabla ya Jumapili. Syauswa akaipokea, akaipitishia kidole usoni. Mistari midogo ilizunguka sanamu yote, kuanzia miguuni hadi kwenye shela, kama mistari ya shamba lililolimwa.

"Maria huyu iko muzee kunipita," akasema.

"Njo hiyo, papa. Sista alisema vile vile. Ile mistari lazima itoke. Unafungia sanamu mu kyombo pamoja na moshi ya asetoni, pole pole, bila moto. Moshi inalamba mistari, sanamu inakuwa laini. Mais kyombo njo shida."

Akaeleza kwa sauti ya chini, kama mtu anayekiri. Kwanza alitumia mkebe wa plastiki ngumu ya kung'aa uliokuja na biskuti, kwa sababu alitaka kuona ndani. Asetoni ililainisha mkebe wenyewe. Ukajikunja na kumwangukia Maria. Kisha akafikiria ndoo ya Ebola. Ndoo hiyo ilikaa na klorini miaka na miaka, na klorini ilikuwa imetoboa nguo, imekausha mikono ya watu na kuchubua sakafu ya kanisa, lakini ndoo ikabaki nzima. Alisema moyoni mwake kwamba kama klorini haikuila, asetoni itaila wapi.

"Na kweli haikukule ndoo," akasema. "Ilikula robine. Kumbe robine ni plastiki ingine. Njo mana ilivuja jana, nikaimwanga ku luhu, pale ku matete."

"Na glavu? Na ile kitu ya ku mudomo?"

"Asetoni inauma mapafu, mama. Sasa nivae nini? Batu ya hapa bakiona glavu banaona Ebola tu."

Katungu akakaa kitandani. "Juu ya nini hukutuambie?"

"Mungesema ninachezea sumu mu nyumba yenye munapikia batu chakula."

Ndivyo hasa wangesema. Nadège akauliza kama angeweza kupata sufuria ya zamani, ile ya aluminiamu yenye mfuniko.

"Ile inapikaka maharagi ya matanga ya shirika yote ya kanisa," Katungu akasema. "Sitatia dawa mu sufuria ya batu. Ata uniambie inaosheka."

Nadège akakubali kwa kichwa. Macho yake yalikwenda kidogo upande wa lango, mahali bokali lilipokuwa, kisha yakarudi. Mama yake aliona. Alikuwa ameuza mandazi katika bokali lile tangu binti huyu hajaanza kutembea.

* * *

Nadège akaamua kutumia ndoo tena, kwa namna nyingine. Alifungua robine na kuitupa. Tundu akaliziba kwa gunzi la muhindi, akalichonga likakaza. Jumatano asubuhi alisimamisha sanamu juu ya kifuniko cha kopo, katikati ya sahani ya bati, akaizungushia kitambaa kilicholowa asetoni bila kuigusa, akaifunikia yote ndoo kichwa chini. Aliiweka nyuma ya nyumba, penye hewa, mbali na mbabula ya mama yake. Ubaya wa ndoo ni kwamba haionyeshi kitu. Ilimbidi akae na saa ya simu, awe akiinua ndoo kidogo na kuchungulia, kwa maana moshi ukizidi, plastiki haiachi kulainika, huanza kuyeyuka.

Alikuwa anajiandaa kuinua kwa mara ya kwanza wakati lango lilipogongwa.

Aliingia Papa Zacharie, mkuu wa avenue, yaani wa barabara ile yote, mzee mwenye koti la mvua hata siku ya jua. Nyuma yake waliingia Mama Kasonia na majirani wengine, wanawake wengi kuliko wanaume. Hawakusukumana. Walisimama mbali mbali, kama watu walivyofundishwa kusimama miaka ile ya Ebola, na hakuna aliyetoa mkono.

"Mama Nadège," Zacharie akaanza, "sisi hatukuje na ubaya. Mais inchi inaongea. Banasema muko na mugonjwa."

"Ingia uangalie, chef. Nyumba ni vyumba vitatu."

"Siingie, mama. Mugonjwa haangaliwake na macho tu. Nimeita docteur wa zone ya afya. Iko njiani."

Nadège alikuwa amekwisha kuinama juu ya ndoo. "Hapana gusa," Mama Kasonia akasema nyuma yake. "Chef, anagusa. Njo ile ndoo ya jana."

"Acha ndoo, mutoto," Zacharie akaamuru.

"Papa Zacharie, lazima niinue sasa. Iko sanamu chini. Ikikawia inaharibika."

"Sanamu?" Sauti ya mwanamke ikauliza. "Sanamu inafunikiwaka juu ya nini?"

"Inalainishiwa."

"Inalainishiwa," yule mwanamke akarudia, na majirani wakatazamana. Neno lililosemwa wazi likasikika kuwa la kuficha.

Katungu akaomba. Alisema binti yake ainue tu, wao wasogee nyuma ikiwa wanaogopa. Zacharie alikuwa mtu wa haki, lakini alikuwa amezika watu wawili wa nyumba yake wakati ule, na mmoja alikuwa amegusa nguo tu. Akasema hakuna atakayegusa kitu mpaka daktari afike. Akaweka fimbo yake mbele ya miguu ya Nadège. Haikuwa ya kupiga. Ilikuwa kama mstari wa chaki.

Wakangoja. Ndege ndogo ikatua Rughenda na watu wote wakaitazama, wakifurahi kupata pa kutazama. Syauswa akaitwa gereji, akaja na mikono yenye oili, akasimama kando ya mke wake. Nadège alitazama saa ya simu, kisha akaacha kuitazama. Daktari hakuja. Simu ya Zacharie ililia. Aliambiwa kwamba gari la zone liko Mabalako na halitarudi leo.

"Bon," Zacharie akasema, amechoka. "Inua, donc. Pole pole."

Nadège akainua ndoo. Harufu ikatoka na watu wakarudi nyuma hatua moja, wote pamoja. Juu ya kifuniko cha kopo alisimama mtu mdogo mweupe. Shela lake lilikuwa limeshikamana na mabega. Mikono iliyokuwa imefumbwa kuomba ilikuwa imezama kifuani. Na uso haukuwepo. Pale penye macho, pua na mdomo palikuwa laini kama yai.

Majirani wakanyoosha shingo. Kisha Mama Kasonia akauliza, bila ukali wowote, kama mtu anayetaka kujua kweli:

"Sasa huyu ni nani?"

"Ni Maria," Nadège akasema. Akaanza kulia, na machozi yake hayakumsaidia, kwa sababu majirani walichukulia kwamba amekamatwa.

"Maria bila sura," mtu akanong'ona. "Tungekuta mugonjwa ingekuwa nafuu."

Zacharie akavua kofia, akaivaa tena. "Mama Nadège, miye sijuwe kitu hii. Mais mpaka zone itume mutu, hapana kuuza chakula ku hii lango. Uji, mandazi, yote. Batoto ya batu banakula hapa."

Katungu akasikia maneno hayo kana kwamba yanasemwa kwa mtu mwingine. Uji na mandazi ndivyo vilivyokuwa vimewalisha tangu walipofika mtaani pale. Zaidi ya hayo, lango likifungwa kwa amri mara moja, nani angekuja kula siku litakapofunguliwa? Kila mama angekumbuka amri na kusahau sababu.

* * *

Hakubishana. Alitoka mpaka langoni, akachukua bokali kwa mikono miwili kama anavyobebwa mtoto, akarudi nalo katikati ya watu. Akatandika kitambaa cha kitenge juu ya kigoda, akamimina mandazi yote juu yake. Kisha akafuta kioo ndani kwa pindo la nguo, mpaka hapakubaki chembe wala tone la mafuta.

"Chukua," akamwambia Nadège.

"Mama, haitauza tena mandazi."

"Minajua. Asetoni inakulaka kioo?"

"Hapana."

"Na bati ya kifuniko?"

"Hapana."

"Kuko sanamu ingine?"

"Kuko moja. Ya mwisho."

"Ilete. Fanya hapa, mbele yao. Batu baone."

Nadège akafuta uso kwa mkono, na kazi ikamtuliza. Alisema kwanza moto wote uzimwe. Katungu akatazama mbabula iliyokuwa bado inawaka chini ya sufuria langoni. Maji yalikuwa mbali. Uji ulikuwa karibu, na haukuwa na mnunuzi. Akaumwaga wote juu ya makaa. Mvuke mtamu wa soya ukapanda, na mwanamke mmoja akasema pole, labda kwa uji, labda kwa Katungu. Zacharie akaizima sigara yake kwa kiatu bila kuambiwa.

Kisha binti huyo akafanya kila kitu polepole, akitaja anachofanya. Aliweka kifuniko cha kopo ndani ya bokali, chini kabisa, akasimamisha Maria juu yake. Alilowesha kitambaa, akakitandika ndani upande mmoja tu wa kioo, ili upande wa pili ubaki dirisha. Akafunga. Hakumkataza mtu kukaribia. Alisema tu wasipumulie karibu akifungua.

Mwanzoni hapakuonekana lolote, na mashaka yakaanza kurudi miguuni mwa watu. Wengine walikuwa wanageuka kwenda zao. Aliyebaki ameinama mbele ya kioo ni Mama Kasonia, mikono nyuma.

"Iko inalowa," akasema.

Kweli, Maria alikuwa anang'aa, kama aliyetoka mvuani. Mistari ya kwenye shela ilikuwa inazama mmoja mmoja. Waliokuwa wanageuka wakarudi. Walisogea mpaka mabega yakagusana, jambo ambalo asubuhi ile hakuna ambaye angelikubali, na pale nyuma mtu akaomba apishwe aone. Wakaona paji la uso likilainika, na pua ikibaki pua. Nadège hakutazama saa. Alitazama mdomo wa sanamu, na mistari ya mwisho ilipotoweka pale, akafungua.

Alimtoa Maria pamoja na kifuniko chake, akamweka juani akauke. Uso ulikuwa mzima. Ulikuwa uso wa msichana.

"Sisi kwetu hatuna masanamu," Mama Kasonia akasema baada ya kutazama sana. "Mais huyu iko muzuri."

"Donc ni moshi tu," Zacharie akasema.

"Ni moshi tu, papa."

"Na mugonjwa?"

"Ingia sasa uangalie," Katungu akamjibu.

Safari hii aliingia. Alifungua vyumba vyote vitatu, akachungulia na chini ya vitanda, akatoka akijipangusa magoti. Akasema kwa sauti ya kusikika barabarani kwamba lango la Mama Nadège liko wazi. Alipokuwa anaondoka, Katungu akamwonyesha mandazi yaliyo juu ya kitenge. Zacharie akashukuru, "Wasingya," akagusa tumbo kama aliyeshiba. Hakuchukua. Wala hakuna mwingine aliyechukua.

* * *

Alhamisi Katungu alikaa langoni kama kawaida. Badala ya bokali alikuwa na kikapu kilichofunikwa kitambaa safi, na mtu hakuweza kuona kilichomo mpaka afunuliwe. Bokali lilikuwa chumbani kwa Nadège, nyuma ya pazia, na halikurudi tena langoni.

Watu walipita upande wa pili wa barabara, wachache kuliko Jumanne. Mmoja alimwuliza mwenziwe, kwa sauti isiyojificha, kama ni kweli siku zote yule mama alikuwa akiweka mandazi katika chupa ya dawa.

Mama Kasonia akaja akiwa na mkoba wa sokoni. Alisimama karibu safari hii.

"Wavukire. Nipe mandazi moja."

Katungu akafunua kikapu, akampa kubwa. Mama Kasonia hakulipokea.

"Onja kwanza," akasema.

Kwao, anayemkaribisha mgeni kinywaji huonja mbele yake, ili mgeni anywe kwa amani. Desturi hiyo ni ya siku za mashaka, nyumbani kwa watu wasiojuana. Katungu hakuwahi kuombwa kuonja langoni pake. Mkono wenye andazi ulikaa hewani, na watu wa upande wa pili wa barabara wakapunguza mwendo.

Akauma. Akatafuna bila haraka, akameza, akafungua kinywa kidogo kama mtoto anayeonyesha amemaliza dawa. Kisha akaanza kufunua kikapu ili atoe jingine zima.

"Hapana," Mama Kasonia akasema. "Nipe ile ile."

Akalipokea andazi lililoumwa, akaliuma palepale penye alama ya meno ya Katungu. Alikula akiwa amesimama, akiwatazama watu wa ng'ambo machoni, mmoja mmoja, mpaka akalimaliza. Akajipangusa mikono.

"Kesho utaonja tena," akasema.

"Nitaonja."

Mwanamke mmoja wa ng'ambo akavuka barabara. Naye akasimama mbele ya kikapu, akatazama chini, na kabla hajasema neno Katungu alikuwa amekwisha kuuma.

Wewe uliyefika hapa, usikunje karatasi hii na kuiweka. Msomee mtu asiyejua kusoma, kisha uipeleke kwa jirani yako. Na ukiwa na majirani wengi, anza na yule ambaye hujala kwake tangu ulipoanza kumdhania vibaya.